Nimelipia prosesa 6, mashine inaona 2, halafu naambiwa nizime niwashe

Wandugu, nina hasira na sitaificha.

Natunza seva ya malipo ya minervali (ada ya shule) kwa shule kadhaa hapa Lubumbashi. Juma la kwanza la mwezi ndilo linalotutoa jasho: wazazi wanalipa kwa simu asubuhi na mapema, maana mtoto asiye na risiti anarudishwa nyumbani. Ndiyo maana nilikodi mashine pepe nyepesi (kompyuta ya kuigwa ndani ya seva ya mwingine) kwa kampuni moja iliyoandika wazi kwenye ukurasa wake wa bei: anza na prosesa 2, panda hadi 8 mashine ikiendelea kutembea. Niliwalipa kwa ajili ya ahadi hiyo tu.

Jumatatu saa 1:40 asubuhi kazi 19 zilikuwa zinagombania prosesa 2. Nikabonyeza kuongeza hadi 6. Dashibodi ikaandika 6. Nikaingia ndani ya mashine, nikapiga nproc, amri inayotaja idadi ya prosesa: 2. Nikafungua /sys/devices/system/cpu, folda inayoorodhesha prosesa, kwa sababu Linux inaweza kuipokea prosesa mpya ikaiacha imelala mpaka uandike 1 kwenye faili yake iitwayo online. Hapakuwa na cha kuamsha. Kulikuwa na cpu0 na cpu1, basi. Prosesa 4 hazikufika kabisa, lakini mita ya malipo ilikuwa tayari inahesabu 6.

Nikawaandikia. Jibu: "Zima kisha washa, mashine zetu huwaka chini ya sekunde moja."

Hapo ndipo damu ilichemka. Kinachowaka chini ya sekunde ni keneli, kiini cha mfumo. Postgres, hifadhidata yetu, ikiamka memori yake ni tupu, kila swali linakwenda kwenye diski, na wazazi hawajaacha kubonyeza. Nilipozima na kuwasha, kwangu ilichukua dakika 11 mpaka kurasa zifunguke kama kawaida. Foleni ya risiti ilikuwa kwenye memori: risiti 63 zikapotea. Pesa zimekatwa kwenye simu, risiti hakuna. Prefe (mkuu) wa shule moja ya mtaa wa Katuba alinipigia akiwa na akina mama wamejaa mlangoni mwake, na watoto wao wamesimama nje ya ua. Nilirudishia risiti hizo moja moja kwa mkono hadi saa 9 mchana.

Wepesi wenyewe siupingi. Firecracker, programu ya kuendesha mashine pepe ambayo Amazon iliifungua kwa umma mwaka 2018, ilipunguzwa vifaa kwa makusudi, ili mvamizi asiwe na pa kushika na mashine iwake haraka. Idadi ya prosesa unaitaja kabla ya kuiwasha. Aina ya microvm ndani ya QEMU, programu nyingine ya kazi hiyo, iliyokuja na toleo la 4.2 mwaka 2019, maelezo yake yenyewe yanasema haipokei kifaa chochote ikishawaka. Ni uamuzi wa wahandisi, na umeandikwa mahali ambapo kila mtu anausoma. Anayetaka kupanda katikati ya kazi anayo Cloud Hypervisor, nayo ni ya kazi hiyo hiyo: unataja prosesa za kuanzia na kikomo, kwa mfano 2 na 8, mgeni (mfumo ulio ndani ya mashine pepe) anapewa taarifa kupitia ACPI, njia ya kuutajia mfumo vifaa vyake, na keneli yake iwe imejengwa kuzipokea. Kikomo hicho lazima kitajwe mwanzoni, kwa hiyo mwenye mashine anajua tangu siku ya kwanza kama ataweza kupanda au hataweza.

Basi hawa walijua. Aliyeandika ukurasa wa bei na aliyechagua keneli wako kampuni moja. Kitufe kile kinabadilisha tarakimu kwenye dashibodi na kwenye bili, huku mashine haipelekewi chochote. Mimi naita huo wizi.

Nawaomba mnaokodi mashine kama hizi, kabla hamjalipa mwezi mzima: ongezeni prosesa moja siku tulivu, pigeni nproc kabla na baada, mhifadhi picha zote mbili. Mimi nilijaribu kila kitu isipokuwa hicho, na watoto wa watu ndio walioachwa nje.

Nimedai tofauti ya malipo ya prosesa 4 na dola za mwezi huu. Leo ni siku ya nne, hawajajibu. Wakijibu nitaweka jibu lao hapa hapa, neno kwa neno.