Naombeni ushauri: wanafunzi wangu wanaona kazi za afya si zao

Wakuu, habarini. Nafundisha baiolojia sekondari. Wanafunzi wangu wengi wanatoka familia za kipato kidogo, ambazo hazijawahi kutoa hata muuguzi mmoja. Juzi binti anayeongoza darasa kwa kemia aliniambia, "Mwalimu, hizo ni kazi za watoto wa wenyewe." Imeniuma sana. Mwaka jana nilimwalika daktari bingwa, akaongea saa nzima, wakapiga makofi, basi, yakaishia hapo. Nianzie wapi?

Muuguzi Mstaafu: Pole mwalimu. Hotuba pekee haishiki, wape kitu mikononi. Azima mdoli wa mafunzo, wajifunze kukandamiza kifua cha mtu ambaye moyo umesimama: mara 100 hadi 120 kwa dakika, kina cha sentimita 5 hivi. Dakika mbili tu jasho linawatoka, ndipo wanaelewa kwa nini tunapokezana. Niliwahi kumwona kijana mkimya kuliko wote akihesabu kwa sauti mpaka mwisho, kisha akauliza, "Hii inasomewa wapi?"

Mtu wa Darubini: Naunga mkono. Ila usiwaonyeshe daktari peke yake. Kabla hajaandika dawa ya malaria, kuna mtu ameinamia darubini anatafuta vimelea kwenye tone la damu. Mtu huyo ni mimi, na kwetu ndiye wa kwanza kumaliza sekondari. Tafuta watu wa aina yangu: wa mionzi, wa fiziotherapia, mafundi wa vifaa tiba. Na huyo binti muulize, wenyewe gani, wakati Shirika la Afya Duniani linakadiria dunia itapungukiwa wahudumu wa afya wapatao milioni 11 ifikapo 2030?

Mama Wawili: Tuiteni na sisi wazazi, tena mapema. Mwanangu aliacha fizikia na hakuna aliyetueleza ni kozi zipi amejifungia. Tulikuja kujua wakati wa kuomba chuo.

Mwanzisha uzi: Asanteni mno. Je, kuwapeleka hospitali?

Muuguzi Mstaafu: Wapeleke watano watano, simu zibaki shuleni, na wafundishwe kwanza kutunza siri za wagonjwa. Anza na maabara na famasi, wodini baadaye.

Mwanzisha uzi: Sawa. Mtu wa Darubini, nakufuata inboksi. Nataka yule binti akuulize mwenyewe.