"Ni gemu tu, mkuu": basi beji ya nini? Marubani wa kuongeza kasi mmenichosha

Wakuu, salaam. Uzi huu ni mrefu na una povu. Asiye na muda apite tu, sitanuna.

Leo nimeamka, nimeshika simu hata uso sijanawa, nakutana na ujumbe binafsi: "Mkuu beji yangu ya 2 Mei inakuja lini? Wenzangu naona wameshapata." Hamna salamu, hamna samahani. Mtu aliyetuvurugia safari tuliyoiandaa kwa miezi minne anadai beji kama anayedai chenji yake.

Kwa wageni wa mambo haya: naendesha shirika la ndege la mtandaoni. Hatuna ndege wala abiria. Tuna seva, ratiba, vyeo, beji za kushiriki, na watu wenye simuleta, yaani programu ya kompyuta ya kuigiza kurusha ndege, majumbani kwao. Mashirika ya aina hii yapo mengi na karibu yote yanarusha Airbus na Boeing za leo. Sisi tumejichagulia mizee, ndege za zamani: DC-3, DC-6, Constellation, Viscount, Comet, 707 za mwanzo mwanzo. Ukitaka ndege inayojipangia njia na kujishusha yenyewe, milango iko wazi kwingine, na wala hatutakuona mbaya.

Masharti yetu yapo kwenye ukurasa wa kwanza kabisa, mtu anayasoma kabla hajapewa namba ya rubani. Muda ni muda halisi, hakuna kuongeza kasi ya simuleta, yaani kuifanya saa yake ikimbie ili safari ndefu iishe haraka. Njia unaitafuta kwa dira, saa na bikoni za redio (mitambo ya ardhini inayokuonyesha uelekeo), GPS unaizima. Mafuta unayapigia hesabu mwenyewe. Hayo tu. Otopailoti, mtambo wa kuishika ndege bila mkono wa rubani, ruksa, maana najua kuna mjuaji atakuja kusema "mbona hata DC-3 ilikuwa nayo". Ilikuwa nayo ndiyo, ile ya Sperry, inashika uelekeo na kuiweka ndege sawa. Haijui unakwenda wapi. Upepo ukikusukuma pembeni, inakupeleka pembeni kwa utulivu kabisa.

Sasa tuje kwenye 2 Mei.

Tarehe hiyo mwaka 1952, BOAC, shirika la ndege la Uingereza wakati huo, walirusha safari ya kwanza ya abiria wa kulipa kwa ndege ya jeti. Ilikuwa Comet, viti 36, London mpaka Johannesburg, ikipitia Roma, Beirut, Khartoum, Entebbe na Livingstone. Karibu saa 24 pamoja na vituo. Kwa watu wa mizee, siku hiyo ni sikukuu. Sisi huwa tunairudia kwa kupokezana: vipande sita, marubani sita, ndege moja. Anayetua Roma anaandika mafuta yaliyobaki na hali ya injini, anayefuata anaanza na hivyohivyo alivyoachiwa. Ukimwachia mwenzio ndege vibaya, yeye ndiye anayeumia. Raha yote iko hapo.

Safari hii London tulitoka salama. Roma salama. Beirut aliyetua alikuwa anatetemeka, ni mara yake ya kwanza kushiriki, lakini alitua na akaandika kila kitu. Khartoum tukafika usiku mkubwa. Kipande cha Khartoum kwenda Entebbe ndicho alichopewa huyu bwana, tena alikiomba mwenyewe. Aliahidi atatuwakilisha.

Niwaambie kitu kuhusu kipande hiki. Khartoum na Entebbe ziko karibu kwenye longitudo moja. Ni maili za baharini kama 930, na kazi yako kubwa ni kushika kusini. Usiku, chini giza, jangwa linakwisha pole pole bila wewe kuliona, huna cha kutazama isipokuwa dira na geji ya mafuta. Halafu Entebbe yenyewe iko karibu futi 3,800 juu ya usawa wa bahari, ziwa limekaa hapo pembeni, na ukichelewa kuanza kushuka umeumbuka. Wengine wanaona kipande hiki kinachosha. Mimi kwa maoni yangu ndicho kitamu kuliko vyote, na nilimpa yeye. Naumia mara mbili.

Aliondoka Khartoum Zulu 0110 (Zulu ni saa ya dunia, UTC, wanayotumia marubani). Kwa Comet ya kwanza tulimtegemea Entebbe kwenye 0340 hivi. Wa kupokea kijiti alikuwa mzee wetu mmoja, mstaafu, mtu mpole sana, amelala kidogo na ametega kengele Zulu 0330.

Zulu 0146 kwenye kundi tunaona: "Nimetua Entebbe. Niko mbele ya ratiba 😎"

Dakika 36. Kilomita zaidi ya 1,700 kwa dakika 36. Hata Concorde, ndege ya abiria iliyopita kasi ya sauti, ingeomba poo.

Nikafungua logi, kumbukumbu ya safari yake. Yeye alidhani logi inasoma saa ya simuleta peke yake, na kweli kwenye saa ya simuleta alikuwa ameruka saa 2 na dakika 27, safi kabisa, hata mimi ningepongeza. Lakini seva ina saa yake, haidanganyiki. Programu yetu inaandika ndege iko wapi kila sekunde 30. Comet inayotembea noti 420 (maili za baharini 420 kwa saa), nukta zake kwenye ramani zinapishana maili tatu na nusu. Kuanzia dakika ya kumi baada ya kuruka, nukta za huyu bwana zinapishana maili 28. Nikapiga hesabu mara ya pili nikidhani usingizi unanidanganya. Ishirini na nane gawa kwa tatu na nusu. Mara nane kasoro hakuna. Halafu karibu na Entebbe nukta zinarudi kubanana tena, ili aonekane anatua kistaarabu.

Mzee wa watu anaamka 0330 anakuta ndege yake imekaa chini karibu saa mbili, kundi zima linamwita, na watu wawili wasiojua kilichotokea wameshaanza kumkebehi kwamba kalala. Akaomba radhi. Yeye ndiye aliyeomba radhi!

Nilimwandikia yule bwana faragha, kwa upole, Mungu ni shahidi. Nikamwambia logi yako nimeikataa, sababu ni hii na hii, nukta hizi hapa. Jibu la kwanza: intaneti ilikatika. Nikamwambia intaneti ikikatika nukta zinapotea, haziongezi mwendo. Jibu la pili: hitilafu ya simuleta. Jibu la tatu, lile ambalo nimelisikia mpaka masikio yameota sugu: "Mkuu mbona unachukulia serious hivyo, si ni gemu tu."

Ni gemu. Nani kabisha? Mimi ndiye nalipia seva kutoka mfukoni mwangu, hakuna anayejua kuliko mimi kwamba hakuna mshahara humu. Ila nieleze jambo moja: kama ni gemu tu, beji unaitakia nini? Cheo cha rubani mwandamizi ulikiombea barua ndefu ya nini? Mbona kwenye saini yako umeandika saa zako zote za kuruka mpaka dakika? Vitu vyote tunavyogawa humu ni vya kuwazia. Saa ni za kuwazia, tepe za begani ni za kuwazia, abiria 36 wa kuwazia. Kitu pekee cha kweli ni kwamba mtu alikaa kwenye kiti chake muda huo wote na akaileta ndege. Ukilitoa hilo, mimi naendesha kitabu cha majina tu.

Na si yeye peke yake, tusimwonee. Nina logi ya DC-3 iliyoletwa na mtu mwingine, futi 31,000, noti 400. Ndege haina hata mgandamizo wa hewa ndani, futi hizo haizifikii hata uibebe kwa kamba. Nilipomuuliza akasema ni upepo wa nyuma. Nilicheka, nikaikataa, yakaisha.

Watu wanaoongeza kasi wanadhani wanakwepa tu sehemu isiyo na kazi. Hapo ndipo ninapowaona hawajawahi kurusha ndege ya kizee hata siku moja. DC-6 ina injini nne, kila injini silinda 18. Piga hesabu, ni silinda 72 zinazokutegemea. Umeshapanda, umeshatulia, unadhani umemaliza. Unatazama, joto la kichwa cha silinda injini namba tatu limeanza kupanda kidogo kuliko wenzake. Unafungua vifuniko vya kupoozea nafasi ya kidole. Joto linashuka, lakini na mwendo unapungua kidogo. Mwendo ukipungua hesabu yako ya kufika imebadilika, mafuta yamebadilika. Unaiandika. Dakika ishirini baadaye unaangalia tena. Hiyo ndiyo safari yenyewe! Ukiweka mara nane, ile namba tatu inapanda, inashuka, inakufa, wewe unatazama video kwenye skrini ya pili.

Kosa langu nalijua, nalisema hapa kabla halijasemwa. Mwaka wa kwanza nilikuwa naona logi za ovyo nazipitisha. Nilipenda kuona orodha ya wanachama inarefuka. Ukimpitisha mmoja kwa kumwonea haya, wa pili anakuuliza mbona fulani. Huyu bwana alikwisha kuongeza kasi mara mbili nyuma, nikiangalia sasa nukta zake za zamani naziona kabisa. Nilinyamaza. Nilijitafutia.

Lakini kilichofuata siwezi kukimeza. Baada ya kukataliwa, akaenda pembeni akakusanya watu watano, wakaanzisha shirika lao. Sawa, dunia pana, na bado anataka beji ya kwetu huku ana kwake, ila tuliache. Tatizo ni kwamba wameondoka na faili za rangi za Comet yetu, yaani michoro ya mwonekano wake wa nje kwenye simuleta. Faili zile alizichora mwanachama wetu mmoja kwa wiki tano, kwa panya ya kawaida ya kompyuta, hana kalamu wala nini. Comet za kwanza zilikuwa na madirisha yenye umbo la mraba lililoviringwa pembe, na yeye pembe zile alizirudia moja moja mpaka zikakaa sawa na picha za zamani. Sasa ziko kwenye kurasa zao, jina lake limefutwa, limewekwa la mtu mwingine.

Wanabisha kwamba wamechora wenyewe. Haya. Mchoraji wetu alipoandika maneno ya mlango wa dharura alisahau herufi moja, tukamcheka, akasema ataiacha hivyohivyo iwe alama yake. Nendeni mkaitazame ndege yao, upande wa kulia, mlango wa dharura. Mmechora wenyewe na mkakosea herufi ileile?

Kwa hiyo kuanzia leo: logi yenye mwendo wa kuongezwa inafutwa na rubani anarudi mwanafunzi, awe nani. Mimi mwenyewe nimo. Mchoraji ataamua mwenyewe anataka nini kuhusu faili zake, nitasimama naye.

Jina la mtu sitaji, msinisumbue faragha.

NYONGEZA: Aliyeuliza kwa nini nisizime kabisa uwezo wa kuongeza kasi: haiwezekani mkuu. Simuleta iko kwenye kompyuta ya mtu, programu yetu inatazama na kuandika tu. Naweza kuifanya ikatae logi papo hapo ikiona mwendo umezidi, na jana usiku nimeanza kuiandika hivyo.

NYONGEZA 2: Mnaouliza mzee aliishia wapi. Alipoamka alisema hawezi kupokea ndege ambayo haikufika. Akarudi Khartoum peke yake, akairusha mwenyewe mpaka Entebbe, kisha akaunganisha Livingstone, maili nyingine zaidi ya 1,100, bila kulala. Johannesburg tulifika kwa kuchelewa saa nne. Beji yake aliipata yeye, na ya kipande cha Entebbe nimempa yeye pia.

NYONGEZA 3: Kuna mchangiaji hapo chini, akaunti ina dakika 12 tangu ifunguliwe, anasema anamtetea "jamaa asiyemjua" na kwamba mtu aliyetua Entebbe na mafuta ya dakika 50 yamebaki hawezi kuwa mdanganyifu. Mafuta ya Entebbe sijayataja popote kwenye uzi huu. Karibu mkuu. Beji hakuna.