Mliandika "moyo: kawaida" na hamkuuangalia!

Wanajukwaa, nafungua uzi huu nikiwa na hasira. Nitakayemkwaza anivumilie, maana nimenyamaza miezi minane.

Mimba ilikuwa na wiki 20, nikaenda kupimwa ultrasaundi. Nikalala kitandani, nikapakwa jeli, mpimaji akapitisha kifaa tumboni kidogo, akafungulia sauti nikasikia du-du-du-du. "Mapigo 148, mtoto yuko vizuri, mama." Nikatoka natabasamu. Kwenye karatasi ya majibu, mbele ya moyo pameandikwa neno moja: kawaida.

Siku ya pili baada ya kujifungua, midomo ya mwanangu ikageuka rangi. Nikaambiwa ni baridi, nimfunike. Nikamfunika. Nesi wa zamu ya usiku ndiye aliyembana mguuni kile kidude cha kupima oksijeni, akaitazama namba, akamnyakua na kukimbia naye.

Eko ya moyo, yaani ultrasaundi ya moyo wenyewe, ikaonyesha mishipa mikubwa miwili imebadilishana nafasi. Aota, mshipa mkuu unaopeleka damu mwilini, imetokea upande wa kulia wa moyo, mshipa wa mapafu upande wa kushoto. Damu isiyo na oksijeni inarudi mwilini vilevile, na iliyopata oksijeni inarudishwa mapafuni. Kilichombakiza hai ni kinjia ambacho kila mtoto huzaliwa nacho kati ya mishipa hiyo, na ambacho huziba chenyewe ndani ya siku za mwanzo. Mimi namfunika blanketi, kumbe kinjia kinaziba!

Ipo dawa ya kukiweka wazi, prostaglandini. Kupanua tundu kati ya vyumba vya juu vya moyo kwa puto kulianza 1966. Upasuaji wa kurudisha mishipa mahali pake ulifanikiwa 1975. Mwanangu amefanyiwa upasuaji huo, yuko hai, namshukuru Mungu. Lakini kama ningejua tangu wiki ya 20, ningejifungulia penye madaktari wa moyo na dawa ingekuwa tayari. Tusingezunguka usiku ule mtoto akizidi kuwa mweusi mikononi mwetu.

Sasa nyie wapimaji nisikilizeni. Mapigo hayaelezi moyo umeumbwaje. Moyo wa mwanangu ulidunda vizuri kabisa! Hata vyumba vinne, kwa tatizo hili, huweza kuonekana sawa. Lazima kifaa kiinamishwe kuelekea kichwani kwa mtoto hadi uone mishipa inavyotoka. Inatakiwa ipishane kama msalaba. Ya mwanangu ilienda sambamba kama reli. Miongozo ya 2013 ya ISUOG, chama cha kimataifa cha wataalamu wa ultrasaundi ya uzazi, imeiweka mishipa hiyo kwenye uchunguzi wa kila mimba, si mpaka mama awe na sababu maalumu.

Na msinijibu kwamba sikuwa na kisukari wala historia ya ugonjwa wa moyo kwenye ukoo. Karibu mtoto 1 kati ya 100 huzaliwa na hitilafu ya moyo, na wengi wao mama zao hawakuwa na dalili yoyote ya hatari.

Najua mtoto anaweza kulala vibaya, mgongo ukaziba kila kitu. Najua kuna vitundu vidogo ambavyo hata bingwa havioni tumboni. Hapo sina ugomvi na mtu. Andika "mishipa haikuonekana", niambie nirudi wiki ijayo au nielekeze kwa mtaalamu wa eko ya watoto walio tumboni. Ningeenda hata kwa miguu. Lile neno "kawaida" ndilo lililonifunga macho, likawafunga na wakunga, ndiyo maana wote tukaona ni baridi.

Niliwaandikia barua nikiomba picha za siku ile. Hakuna hata moja ya mishipa. Wakajibu kuwa kile kilikuwa kipimo cha ujauzito tu, hakikuwa cha moyo.

Basi neno lile mliliandika kwa kuangalia nini?