Miradi ya sayansi ya sekondari: msaada wa watu wazima upigwe marufuku?

Mama Wawili, Tabata: Habari za jioni wakuu. Mwanangu yuko kidato cha tatu, shule ya kata. Anajiandaa na Young Scientists Tanzania, yale mashindano yaliyoanzishwa 2011 kwa mfano wa ya Ireland. Anapima kama mwarobaini unafukuza mbu. Mwenzake wa shule ya kulipia ana mjomba mhandisi, kamchomelea mtambo mzima. Hii ni haki kweli? Msaada wa watu wazima upigwe marufuku?

Kibo wa Kimara: Dada, mwarobaini tena? Kila mtoto mwarobaini na mbu. Atafute kipya.

Mwl Baiolojia: Hapo umenigusa, kaka. Nalea miradi hii shuleni. Mtoto akiandaa visanduku viwili, kimoja chenye dawa na kingine hakina, mbu idadi ileile, muda uleule, kisha akarudia, hiyo ni sayansi hata kama wazo kalitoa bibi yake. Kitu kipya hata tapeli anacho.

Kibo wa Kimara: Mwalimu, usiniite tapeli. Erasto Mpemba, yule mwanafunzi aliyeona cha moto kikiganda kabla ya kilichopoa, alikuwa na nini? Aiskrimu tu, na dunia nzima inamjua. Tena peke yake, bila mjomba.

Fundi Ubungo: Peke yake wapi? Makala ya 1969 ina majina mawili, lake na la Osborne, mhadhiri wa fizikia hapa Dar. Mjomba alikuwepo.

Binti Magomeni: Mnamnyang'anya Mpemba haki yake mchana kweupe! Aliliona 1963, akiwa mwanafunzi Magamba, Lushoto. Aliweka maziwa ya moto kwenye friza yakaganda kabla ya yaliyopoa. Mwalimu akamkejeli, eti hiyo ni fizikia ya Mpemba. Osborne kaja baadaye, Mpemba yuko shule ya Mkwawa, Iringa, akamuuliza. Swali lilikuwa la nani?

Fundi Ubungo: La Mpemba, sijabisha. Ila 2016 kuna watafiti Uingereza walipima upya wakalikosa. Wanasema hata mahali unapoweka kipimajoto panaweza kukudanganya.

Binti Magomeni: Ndiyo hayo! Mtanzania akiona kitu, lazima atokee wa kumkosoa, na sisi wenyewe tunashangilia.

Fundi Ubungo: Dada, nani kashangilia? Kupimwa upya ni heshima. Jambo la kipuuzi halipimwi miaka hamsini.

Mwl Baiolojia: Tazameni alichofanya Osborne. Wanafunzi wenzake Mpemba walicheka, yeye akalibeba swali akaenda kulipima. Msaada wa namna hiyo nautaka kila shule ya kata. Mjomba wa kuchomelea hanitishi, maana jaji akimuuliza mtoto "kwa nini ulichagua kipimo hiki?" mjomba hayupo kibandani.

Kibo wa Kimara: Mtoto wa kulipia anakaririshwa na hilo jibu pia. Nimeona.

Mama Wawili, Tabata: Jamani, mbu wenyewe anawapata wapi? Nisaidieni hilo.

Mwl Baiolojia: Mama, aachane na mbu wanaoruka. Apime kama mwarobaini unaua viluwiluwi vya mbu. Ndoo ya maji kivulini, mbu watataga wenyewe, ila wakishataga aifunike kwa chandarua wasije wakaruka. Hapa Dar mbu wa dengi hupenda maji hayohayo. Na asimpe mtu mkono ang'atwe, hata ndugu yake. Aje na daftari, nitamsomea bure.

Kibo wa Kimara: Sasa mwalimu, wewe si ndiye mjomba?