Runinga nyembamba ya LED: umbo au picha, kipi kitangulie?

Sebule55
Wakuu, habari. Nataka runinga ya LED ya inchi 55 ya kutundika ukutani. Viti viko mita 2.5 kutoka ukutani, dirisha kubwa liko kushoto, na viti viwili vimekaa pembeni kabisa. Nimebakiwa na mbili. Moja nyembamba mno, fremu yake hata huioni. Ya pili ina unene wa karibu sentimita 8, ila vipimo vyake vinasema taa zimetandazwa nyuma ya kioo na zinafifia kwa kanda, yaani kila kundi la taa hujififisha peke yake. Zote ni 4K (pikseli, yaani nukta za picha, 3840 kwa 2160). Wembamba unaathiri picha kweli? Na nikiwa dukani nikague nini kabla ya kulipa?

FundiTaa
Unaathiri, mkuu, na ukifungua mgongo wa runinga sababu unaiona. LED haichori picha, ni taa tu inayomulika kioo cha LCD kutokea nyuma. Taa zikikaa nyuma ya kioo zinahitaji nafasi ya kutawanya mwanga, la sivyo utaona madoa. Mwili mwembamba hauna nafasi hiyo, kwa hiyo taa huhamishiwa ukingoni, mara nyingi chini, na bamba la plastiki angavu hubeba mwanga hadi upande wa pili. Fremu ikiminya mahali kidogo tu, mwanga unavuja kwenye kona, na picha ikiwa ya giza unaona mawingu ya kijivu. Hata zikigawanywa kwa kanda, taa za chini humulika safu nzima kwenda juu: filamu ya usiku ikileta maandishi ya tafsiri, weusi ulio juu ya maandishi hayo nao unapauka.

Lakini usinunue unene kwa kuwa ni unene. Zipo runinga nene zenye taa chache nyuma, zinazowaka na kufifia zote kwa pamoja. Humo kila taa imefunikwa kilenzi kidogo cha kutawanya mwanga. Gundi ikichoka kilenzi kikadondoka, unabaki na doa jeupe la duara kwenye picha. Cha kutafuta ni kanda, na ziwe nyingi. Zikiwa chache, kila kitu cheupe kwenye giza kitazungukwa na ukungu wa mwanga.

KiooSafi
Taa zimeelezwa vizuri, ila viti vya pembeni ni suala la aina ya kioo. Vioo vya LCD viko vya aina mbili kuu, VA na IPS. Kioo cha VA kina kontrasti (tofauti kati ya weupe na weusi) ya 3000:1 au zaidi, weusi wake ni mzito, lakini ukikaa pembeni rangi zinapauka. IPS ni karibu 1000:1 tu, weusi wake unaelekea kijivu, ila aliye pembeni anaona rangi karibu zile zile. Kwa mpangilio wako ningechukua VA yenye kanda, kisha breketi ya mkono inayogeuka. IPS nyembamba yenye taa za ukingoni ukiiwasha usiku itakuudhi kila siku.

Hiyo 4K isikutie presha. Kwenye inchi 55, pikseli moja ya picha ya 1920 kwa 1080, iliyo chini ya 4K, ina upana wa milimita 0.63 hivi, na jicho zima huacha kuitofautisha kuanzia kama mita 2.2. Wewe uko mita 2.5. Kontrasti utaiona kabla hujauona wingi wa pikseli. Dirisha nalo linataka kioo kisichoakisi: simama mbele ya runinga ikiwa imezimwa, uangalie kama taa za duka zinaonekana humo kama kwenye kioo cha kujitazamia.

Breketi
Dukani nenda na flashi yenye picha tatu: nyeusi tupu, ya kijivu, na ya uso wa mtu. Kwanza itoe kwenye hali ya dukani, ile inayopandisha mwanga na rangi kupita kiasi, uweke ya sinema. Shusha ukali wa picha mpaka mistari meupe inayozunguka herufi ipotee. Nyeusi itakuonyesha uvujaji kwenye kona. Kijivu kitaonyesha mistari ya wima na madoa, ambayo kwenye mpira yatasumbua kila kamera ikizunguka uwanjani. Uso wa mtu utazame ukiwa mbele, kisha pembeni.

Halafu igeuze mgongo. Matundu ya HDMI yakitazama nyuma moja kwa moja, kebo itagonga ukuta na kichwa chake kitapinda. Yanayotazama pembeni au chini ndiyo ya ukutani. Pima umbali wa matundu ya skrubu (200 kwa 200, 300 kwa 300 au 400 kwa 400, kwa milimita) kabla ya kununua breketi. Skrubu ndefu kupita kiasi inaweza kutoboa hadi kwenye bodi ya ndani. Na kwenye mwili mwembamba spika ni ndogo na hutazama chini, hivyo tenga fungu la spika ya nje.

Sebule55
Asanteni sana. Idadi ya kanda haikuandikwa kwenye boksi. Nitaijuaje?

FundiTaa
Weka kwenye flashi video ya kidoa cheupe kinachotembea taratibu juu ya weusi, na uombe taa za karibu zizimwe. Weusi wote ukipanda na kushuka pamoja, hakuna kanda. Ukiwaka mstari wa wima unaokifuata kidoa, taa ziko ukingoni. Ukiona kiraka kidogo tu cha mwanga kinachohama nacho, kanda zipo, na kadiri kiraka kilivyo kidogo ndivyo zilivyo nyingi.