Rangi ya gari kuvimba na kutu kwenye bodi: tupeane uzoefu

Geji20
Wakuu, uzi huu ni wa malengelenge ya rangi: chini ya milango, kwenye kingo za fenda za nyuma juu ya tairi, pembeni mwa kioo cha mbele, chini ya taa ya namba. Anayeijua kazi aweke utaratibu, vipimo na sababu. Kulalamikia gereji kuna uzi wake.

Naanza na kulitambua lengelenge kabla hujashika msasa. Litoboe kwa pini. Likitoa maji ya kahawia au unga mwekundu, kutu imeshaanza kula bati. Likitoa maji masafi na bati chini linang'aa, basi unyevu au chumvi ilifungiwa chini ya rangi siku ya kupiga. Likiwa kavu kabisa na rangi ni mpya, hiyo ni tina (kiyeyusho cha rangi) iliyokosa pa kutokea kwa sababu koti la pili lilipigwa la kwanza halijapumua. Vishimo vya duara vilivyoachia katikati ni mafuta au silikoni ya polishi, hapo hakuna kutu. Na bampa la plastiki likivimba, usiitafute kutu: mara nyingi praima (rangi ya msingi) ya plastiki ilirukwa.

Kutu huchukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma ilichokila, ndiyo maana inainua rangi. Ukiona lengelenge la ukubwa wa punje ya dengu, doa la chini yake kwa kawaida ni pana kuliko hilo. Bati la mlango wa gari nyingi za Kijapani lina unene wa milimita 0.7 hadi 0.8 tu, kwa hiyo muda wa kusubiri si mwingi.

NyundoYaMbao
Naongezea kwa mkuu hapo juu: kutu ya mlango hutoka ndani kuja nje. Maji ya mvua hupita kwenye mpira wa kioo, hushuka ndani ya mlango na kutokea kwenye vitundu vya chini. Vitundu hivyo vikizibwa na vumbi, majani au ile lami ya kupaka chini ya gari, maji yanakaa humo. Pale chini ndipo bati la nje limekunjwa kulibana la ndani, na unyevu ukishaingia kwenye mkunjo hautoki kwa jua.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kufungua kadi ya mlango (paneli ya ndani), kubandua plastiki ya ndani na kuchokonoa vitundu kwa waya laini au tai ya plastiki. Mimina kikombe cha maji uone yanatokea wapi. Mlango ukichubuliwa na kupigwa rangi nje huku vitundu vimeziba, kutu itarudi palepale.

Kwenye fenda ya nyuma ni hivyohivyo: tope hukaa juu ya ukingo wa ndani. Ingiza vidole uupapase. Ukikuta udongo umeshikana, utoe wote, usiloweshe juu tu.

ForodhaniMSA
Kwa wanaonunua gari kutoka Japani: karatasi ya mnada isomeni. Herufi S kwenye mchoro wa gari ni kutu, C ni kutu iliyokwisha kula chuma, W ni bati lililonyooshwa. Gari iliyotumika Hokkaido au kaskazini ya Honshu imekanyaga barabara zinazomwagiwa kloraidi ya kalsiamu wakati wa theluji, na chumvi hiyo hubaki kwenye mikunjo hata gari ikishafika Nairobi au Dodoma kwenye ukavu. Tazameni pia rangi nyeusi mpya chini ya gari. Baadhi ya wauzaji huipiga kabla ya kupakia melini, na hapo mwenye bisibisi abonyeze mikunjo na sehemu zilizochomelewa. Bati zima lina mlio. Lililooza hubonyea au humeguka magamba.

Kugundua puti (ujazo wa kusawazishia bati), tumieni sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa chembamba. Ikiteleza sehemu moja wakati kwingine inashika, pana puti nene hapo.

MsasaMkavu
Utaratibu wangu kwa doa ambalo bado halijatoboka:

Osha kwanza kwa maji baridi na sabuni, suuza sana, kausha, kisha pangusa kwa kiondoa mafuta. Ukianza na msasa unaisugulia chumvi ndani ya bati. Chubua rangi mpaka upite doa kwa sentimita 2 hadi 3 pande zote, mpaka uone rangi iliyoshika bati sawasawa. Diski ya waya kwenye grenda inadanganya: inaing'arisha kutu na kuiacha ndani ya vishimo vyeusi. Vishimo hivyo ving'oe kwa ncha kali au kwa kupuliza mchanga. Mchanga wa ufukweni usiguse, una chumvi, na mchanga wa aina yoyote vaa barakoa ya vumbi, si kitambaa.

Bati likishakuwa jeupe, usiliache lilale wazi hata usiku mmoja ukiwa pwani. Piga epoksi praima makoti 2, subiri dakika 10 hadi 15 katikati. Uwiano wa hadina (dawa ya kugandishia) soma kwenye kopo, hutofautiana kampuni kwa kampuni. Kosa linalorudisha gari nyingi gereji ni ile praima ya kijivu ya kopo moja isiyo na hadina: inapitisha maji, na baada ya masika unaona vipele.

Puti huja juu ya epoksi iliyokauka na kukwaruzwa. Hadina ni asilimia 2 kwa uzito, yaani gramu 20 kwa kilo ya puti, au gramu 1 kwa gramu 50. Mafundi wengi hupima kwa rangi ya mchanganyiko, na joto likizidi mkono nao unazidisha. Hadina nyingi hutoboa rangi na kuacha doa la njano juu ya rangi nyeupe. Ikiwa chache mno, puti haikauki ndani na hunasa msasa. Kwa nyuzi 30 una dakika chache tu mkononi, basi changanya kidogo kidogo. Unene wa mwisho usizidi milimita 3. Ukihitaji zaidi, bati halijanyooshwa.

Na hili nalisisitiza: puti isipigwe msasa wa maji. Puti ina poda inayonyonya maji, na ukifunika kabla hayajatoka yote, yatatoka kwa njia ya malengelenge. Anza P80 kavu (namba ya msasa, ikipanda msasa ni laini zaidi), nenda P180, malizia P320. Maji yatumike baadaye juu ya praima ya kujazia yenye hadina, kwa P600, kisha acha ikauke vizuri kabla ya rangi.

Kompresa200
Fundi MsasaMkavu, nakubali yote, ila usisahau upepo wenyewe. Kompresa ikifanya kazi kwenye hewa nzito ya Dar hujaza maji tangini. Fungua koki ya chini asubuhi na katikati ya kazi, weka chujio la maji karibu na bunduki, mbali na kompresa, kwa sababu hewa ikishapoa njiani ndipo maji yanapojitenga. Pulizia karatasi kavu kwanza: ikiwa na madoa, simamisha.

Unyevu wa hewa ukipita asilimia 85 usipige rangi. Bati nalo liwe na joto la nyuzi 3 au zaidi juu ya kiwango ambacho umande hutokea. Masika, hii ina maana ya kungoja jua lipande na kumaliza kabla ya alasiri kuchelewa.

DadaRangi
Naomba kuuliza kuhusu dawa ya kubadili kutu. Kuna wanaoipaka juu ya kila kitu kisha puti moja kwa moja.

MsasaMkavu
Dada, inafaa kwa kutu nyembamba tu iliyobaki kwenye vishimo. Magamba lazima yatoke. Zipo za aina mbili: yenye tanini, ile inayopatikana pia kwenye magome ya mkoko, hugeuka nyeusi na kuachwa hivyo, na yenye asidi ya fosforiki, ambayo lazima ioshwe kama kopo linavyoelekeza. Asidi ikibaki chini ya epoksi, epoksi haishiki. Vilevile puti isiwekwe juu ya praima ya asidi, haikauki sawasawa.

Geji20
Bati likishatoboka, habari ya dawa na fiberi (kitambaa cha nyuzi za kioo chenye gundi) imekwisha. Fiberi juu ya tundu huacha nafasi nyuma ambapo maji yanakaa. Kata mpaka bati zima, tengeneza kiraka cha geji 20 (kipimo cha unene wa bati), chomelea kwa mashine ya waya wa milimita 0.6 au 0.8, nukta moja moja, ukiruka upande hadi upande ili bati lisijikunje. Gesi na shaba pia hufanyika, lakini ile poda ya kuchomelea ikibaki hula chuma, ioshe kwa maji moto. Bati la paa lenye zinki lisitumike: moshi wake unadhuru.

Kuchomelea huunguza rangi ya upande wa ndani. Usipoufikia kwa praima na nta, kiraka kitaanza kuoza kwa nyuma.

Defender110
Wenye Land Rover Defender, unga ukitoka mweupe badala ya mwekundu, hiyo ni alumini. Mabati ya nje ni alumini, fremu ya mlango ni chuma, na mahali vinapogusana penye maji ya chumvi alumini ndiyo huliwa. Malengelenge huanzia kwenye kingo za chini na kuzunguka bolti. Usitumie brashi wala msasa uliokwisha kusugua chuma, chembe zake huanzisha kazi upya. Brashi iwe ya chuma kisichoshika kutu, epoksi ifuate ndani ya saa chache, na kati ya bati na fremu weka utepe au washa za nailoni.

NyundoYaMbao
Kuhusu kumwagia oili chafu chini ya gari: huvimbisha mpira wa bushi, hushika vumbi, na fundi akija kuchomelea inashika moto. Nta ya ndani ya bodi ndiyo kazi yake. Lazima bati liwe kavu, na ipulizwe kwa mrija mrefu kupitia matundu yenye vizibo vya mpira yaliyopo tayari: chini ya milango, ndani ya fenda, kwenye boksi la chini ya mlango. Piga nta rangi ya nje ikishakauka kabisa. Kisha pitia tena vitundu vya maji kwa waya, kwa sababu nta yenyewe huviziba.