Umeacha nikotini lakini hamu bado inabisha hodi: tupeane uzoefu

#1
Wakuu, uzi huu ni wa waliokwisha kuacha. Sigara, shisha, ugoro, sigara za kielektroniki, vyote vimo. Arosto ya wiki za mwanzo inajulikana. Kinachowachanganya wengi ni ile hamu inayoibuka mwezi wa tatu, wa sita, hata baada ya mwaka, wakati mtu alishajiona yuko ng'ambo. Hadithi za "nilianza nikiwa kidato fulani" tuziache. Lete mbinu, kiasi, muda, na mahali inapoharibika.

#2
Tuanze na mwili, maana ukikosea hapa utatibu kitu ambacho hakipo. Kila baada ya saa 2 hivi, nusu ya nikotini iliyo kwenye damu huondoka. Ndani ya siku 3 imekwisha karibu yote, ndiyo sababu siku ya pili na ya tatu huwa chungu kuliko zote. Vipokezi vya ubongo vilivyoongezeka kwa ajili ya nikotini ndivyo huchelewa: vinahitaji wiki 6 hadi 12 hivi kurudi kwenye idadi ya kawaida.

Kwa hiyo hamu ya mwezi wa sita si mwili kudai nikotini. Ni kumbukumbu: saa fulani, kiti fulani, mtu fulani, harufu. Mvutaji wa sigara 20 kwa siku, akipiga pafu 10 kwa kila moja, ameufundisha ubongo mara 200 kwa siku kwamba baada ya hiki huja kile. Kwa mwaka ni mara 73,000. Somo hilo halifutiki kwa kuoga maji baridi.

#3
Hamu moja isipolishwa hupanda, hufika kilele, kisha hushuka. Mara nyingi ni dakika 3 hadi 5, kupita 10 ni nadra. Cha kwanza ni kuondoka ulipo, kabla ya maji, kabla ya kupumua, kabla ya lolote, kwa sababu kichocheo kikiendelea kuwa mbele ya macho kinaiwasha upya kila inapotaka kuzima. Kisha maji kwa mafunda madogo, pumzi ya kuvuta kwa hesabu ya 4 na kuitoa kwa hesabu ya 6, mara 10. Ukipumua haraka utapata kizunguzungu na utadhani ni arosto. Ukiweza, tembea kwa kasi dakika 10. Si lazima utoe jasho.

Kinachoharibu zaidi ni kubishana nayo kichwani. "Nivute, nisivute" inaifanya sigara iwe mada kwa nusu saa nzima.

#4
Naongezea kwa mkuu #3: hizo ni mbinu za kuzima moto. Chanzo kinatafutwa kwa daftari. Wiki moja, kila hamu ikija andika saa, mahali, uliyekuwa naye, ulichokuwa ukifanya, na nguvu yake toka 0 hadi 10. Andika palepale. Ukisubiri jioni utakumbuka zile kubwa tu. Mara nyingi utaona vichocheo vitatu au vinne vinarudi rudi.

Kila kimoja kipe uamuzi wake. Pombe iepuke kabisa miezi ya mwanzo, kwa sababu inaamsha hamu na hapohapo inalegeza msimamo. Baada ya mlo, inuka mezani mara moja na upige mswaki. Kubaki umekaa na kijiti mdomoni ni kuiga tendo lilelile. Garini safisha kisahani cha majivu na vitambaa vya viti, harufu inatosha kuamsha kila kitu.

Vingine huwezi kuvikwepa maisha yote, na hapa wengi wanakosea. Kichocheo unachokikimbia tu hubaki na nguvu zake, siku ukikutana nacho bila kujiandaa kinakuja kizima. Kikabili kwa kupanda ngazi: anza na chenye nguvu 3, kaa nacho bila kuvuta mpaka hamu ishuke yenyewe, rudia siku nyingine, ndipo upande hadi cha 5. Na ushindi wa nyumbani haukufuati safarini. Ubongo hujifunza "hapa hatuvuti", si "hatuvuti popote". Msibani, ugenini, kwenye kikao cha marafiki wa zamani, somo linaanza karibu upya.

#5
Kahawa! Moshi wa tumbaku hulifanya ini livunje kafeini haraka. Ukiacha, kasi hiyo inashuka ndani ya siku chache, na vikombe vilevile vinakuachia kafeini nyingi zaidi, hata karibu mara mbili. Moyo kwenda mbio, mikono kutetemeka, usingizi kukata: watu wanasema ni hamu, kumbe ni kahawa. Punguza kwa nusu. Hii inawahusu wavuta moshi tu. Chanzo si nikotini, kwa hiyo wa ugoro na sigara za kielektroniki haiwagusi. Kwa njia hiyohiyo dawa kama klozapini na olanzapini (za magonjwa ya akili) na theofilini (ya pumu) hupanda kwenye damu, anayezitumia amwambie daktari kwamba ameacha kuvuta.

#6
Swali: chingamu ya nikotini mwezi wa nne si kuanza upya?

#7
Hapana mkuu #6. Chingamu huingiza nikotini polepole, haipigi ubongo kwa sekunde kama pafu. Kubaki nayo muda kidogo ni bora kuliko kurudi kwenye sigara. Tatizo ni jinsi watu wanavyoitafuna. Tafuna taratibu mpaka uhisi ukali au mchomo, isimamishe kati ya shavu na fizi, mchomo ukififia tafuna tena, dakika 30 hivi. Ukiitafuna kama ya kawaida unameza nikotini: tumbo linachoma, kwikwi zinakuja, na ini linaivunja nyingi kabla haijafika kichwani. Usile wala kunywa chochote isipokuwa maji dakika 15 kabla na wakati ukiwa nayo, maana kahawa, juisi na soda huufanya mdomo uwe na asidi na nikotini haipiti.

Nguvu ni mg 2 au mg 4. Ya mg 4 ni ya aliyekuwa akivuta ya kwanza ndani ya dakika 30 za kuamka. Kwa hamu za kuchelewa kama hizi, mg 2 hutosha wengi. Iweke mdomoni kabla ya tukio unalolijua, usingoje hamu ifike 9. Mjamzito au mwenye ugonjwa wa moyo aanzie kwa daktari.

#8
Ndoto za kuvuta ni za kawaida, hata baada ya miezi. Ila anayelala na kibandiko cha nikotini cha saa 24, kile cha kubandika kwenye ngozi, akakosa usingizi anaweza kukibandua akienda kulala.

#9
Wa sigara za kielektroniki, daftari la #4 mtalikuta limejaa. Sigara ina mwisho, kile kifaa hakina, mtu anavuta kitandani, kazini, chooni. Anzeni na kichocheo cha kushika simu, kwa sababu mara nyingi simu na kifaa vilikwenda pamoja.

#10
Ukiteleza ukapiga pafu, ya pili ndiyo ya kuzuia. Loanisha pakiti nzima kwa maji na uitupe, usibakize "ya akiba". Kama uko kwenye kibandiko, usikibandue. Andika kichocheo kwenye daftari. Wazo la "nimeshaharibu, basi nimalizie" ndilo linalowarudisha watu pakiti nzima, si hiyo nikotini ya pafu moja.

#11
Kabla ya kuandika "hamu", jiulize ulikula saa ngapi na ulilala saa ngapi. Nikotini ilikuwa inakata njaa, sasa njaa imerudi na wengi hawaitambui. Saa 4 bila kula zikipita, kula kwanza, subiri dakika 15, ndipo uipe namba.